Steringi Hafi? Filamu ya Gladiator na Roma ya Maseneta



Watazamaji wa vibanda umiza wana sheria moja isiyoandikwa popote: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini mkanda ukifika mwisho lazima awe amesimama. Filamu ya Gladiator ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2000 na kuzoa tuzo 5 za Oscar, iliivunja sheria hiyo mchana kweupe. Jemadari Maximus anamuua Kaisari Commodus mbele ya umma wa Roma, kisha naye anaanguka mchangani na kukata roho. Basi mkanda ukiisha, ubishi unaanza. Huyu Maximus alikuwepo kweli? Kaisari mzima anaweza kushuka uwanjani kupigana na watumwa? Na ni kweli alimuua baba yake mzazi?

Wanahistoria tuna tabia ya kuingia kwenye ubishi wa namna hii kama askari wa usalama barabarani, kazi yetu kuandika makosa: kofia ile si ya karne hiyo, mashine ile haikutumika msituni. Makosa yapo, tena mengi. Lakini tukishughulika nayo peke yake tunaliacha kubwa lipite. Hoja yangu jioni hii ni kwamba filamu hii imekosea kidogo pale watazamaji wanapoishuku, na imekosea sana pale wanapoiamini.

La Maximus nalimaliza haraka. Hakuwepo. Ni mtu wa kubuni, na katika rasimu ya kwanza ya mwandishi David Franzoni steringi aliitwa Narcissus. Jina hilo tutakutana nalo tena. Aliyekaribiana naye zaidi katika maisha halisi ni Claudius Pompeianus, jemadari aliyezaliwa Antiokia, ambaye Kaisari Marcus Aurelius, baba yake Commodus, alimwamini kiasi cha kumwoza binti yake Lucilla. Filamu imemwacha Lucilla akiwa mjane anayemtazama Maximus kwa macho ya zamani. Lucilla wa kweli alikuwa na mume, na yapata mwaka 182 aliingia katika njama ya kumuua Commodus, ndugu yake. Njama ilifeli kwa sababu ya kuchekesha na kusikitisha: kijana aliyepewa upanga alijitokeza na kuanza kutangaza kwamba Seneti ndiyo iliyomtuma, badala ya kuchoma kwanza. Lucilla akapelekwa kisiwa cha Capri na huko akauawa.

Sasa Commodus. Wengi huona filamu imetia chumvi, kumbe imepunguza. Commodus alishuka uwanjani kweli, alipigana kwa mkono wa kushoto na alijivunia hilo, na kwa mujibu wa mwandishi Cassius Dio alijilipa sesterti milioni 1 kwa kila siku aliyojionyesha. Askari wa kawaida wa jeshi la Roma wakati huo alilipwa sesterti 1,200 kwa mwaka. Commodus aliliita jiji la Roma kwa jina lake, na miezi 12 ya mwaka akaibatiza majina na vyeo vyake mwenyewe. Dio anaorodhesha wanyama aliowaua, wakiwemo viboko, tembo, kifaru na twiga. Herodian, mwandishi mwingine wa zama hizo, anaeleza jinsi alivyowapiga mbuni kwa mishale yenye ncha ya mwezi mchanga, ikawakata shingo, na ndege wakaendelea kukimbia bila vichwa.

Tusimame hapo kwa mbuni, maana Dio alikuwa seneta na alikuwa amekaa viti vya mbele. Anasimulia kwamba Commodus alimuua mbuni, akamkata kichwa, akasogea hadi walipoketi maseneta. Mkono wa kushoto ameshika kile kichwa, wa kulia upanga unaovuja damu. Hakusema neno. Alitikisa kichwa chake mwenyewe huku akikenua, maana yake ikawafika wote. Dio anasema kilichowajia wengi wao ni kicheko wala si machozi, na kicheko hicho kingewaua. Basi akachuma majani ya mlorela kwenye taji alilovaa, akayatafuna, akawanong'oneza waliokaa jirani wafanye vivyo hivyo, ili midomo inayotafuna isionekane inacheka.

Hakuna mwandishi wa sinema aliyethubutu kuliweka tukio hilo. Lingeonekana la uongo.

Hata kifo cha Marcus Aurelius kina mambo. Alifariki tarehe 17 Machi 180 akiwa vitani kaskazini mwa dola, mgonjwa, na wanahistoria wengi wa leo wanaona ni maradhi tu. Lakini Dio anasema aliambiwa waziwazi kwamba madaktari ndio waliommaliza ili kumfurahisha Commodus. Kwa hiyo mwandishi wa filamu hakuzua. Alichukua uvumi wa maseneta, akawaondoa madaktari, akamwachia mwana kazi ya kumziba baba pumzi.

Kifo cha Commodus ndicho kilichohamishwa mbali zaidi. Filamu inakaza mambo yatokee ndani ya muda mfupi, ilhali Commodus alitawala peke yake kwa zaidi ya miaka 12. Tarehe 31 Desemba 192, suria wake Marcia alimpa sumu. Akaitapika. Wala njama wakamtuma mpiga mieleka aliyekuwa akifanya naye mazoezi, akamnyonga bafuni. Mpiga mieleka huyo ndiye Narcissus.

Magladieta nao wana jambo moja la kusahihishwa, maana filamu inawaonyesha wakichinjwa kama kuku wa sikukuu. Mwanasheria Gaius, aliyeandika karne hiyohiyo ya pili, anatoa mfano wa mkataba: gladieta akitoka mzima, mwandaaji wa michezo anamlipa mwenye kikosi denari 20 za jasho lake, akiuawa au akilemaa, analipa denari 1,000. Tofauti hiyo ni mara 50. Mwandaaji wa mji mdogo angefikiri mara mbili kabla ya kuagiza kifo. Galen, tabibu mkubwa wa zama hizo, alianza kwa kutibu magladieta wa Pergamon, katika Uturuki ya leo, na alijisifu kwamba mikononi mwake walikufa wachache mno. Marcus mwenyewe hakufuta michezo hiyo jijini Roma kama tunavyoambiwa katika filamu. Alichofanya ni kusimamia amri ya Seneti, yapata mwaka 177, ya kuweka kikomo cha bei ya magladieta. Nakala ya amri hiyo imesalia kwenye bamba la shaba lililopatikana Italica, Hispania.

Hadi hapa filamu imepita mtihani, kwa alama za wastani. Inapoanguka ni pale ambapo hakuna mtazamaji anayenyanyua mkono kuuliza.

Marcus wa filamu, akiwa mzee na mchovu, anamwita Maximus na kumwambia airudishe Roma mikononi mwa Seneti, iwe jamhuri tena. Tunaguswa. Lakini Marcus wa historia alimpa mwanawe cheo cha Kaisari mwaka 166, mtoto akiwa na miaka 5 tu, na mwaka 177 akamfanya mtawala mwenza. Baba alipokufa, Commodus alikuwa ametawala pamoja naye kwa miaka 3. Hakukuwa na urithi wa kugombea. Tunaambiwa kwamba makaisari wema waliomtangulia Marcus, yaani Nerva, Trajan, Hadrian na Antoninus Pius, walichagua warithi kwa sifa badala ya damu. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mwana aliye hai wa kumrithisha. Marcus alikuwa naye, akamrithisha.

Na jamhuri yenyewe ilikuwa imekufa takriban karne mbili kabla ya hapo. Seneti ilikuwa na watu kama 600, na kisheria kila mmoja alitakiwa awe na mali isiyopungua sesterti milioni 1. Ule mshahara wa askari ungechukua zaidi ya miaka 800 kufikia kiwango hicho. Ndio hao ambao filamu inatutaka tuwaone kuwa sauti ya wananchi. Wananchi wenyewe wamewekwa majukwaani, kazi yao kushangilia.

Umati wa kweli wa Roma ulikuwa na kazi nyingine. Mwaka 190 nafaka iliadimika jijini. Aliyekuwa ameishika serikali ni Cleander, mtumwa wa zamani aliyeachwa huru na kupanda hadi kuuza vyeo. Ofisa wa nafaka, Papirius Dionysius, aliuzidisha upungufu kwa makusudi ili lawama zimwangukie Cleander. Siku ya mashindano ya farasi, Dio anasema, kundi la watoto liliingia uwanjani likiongozwa na msichana mrefu mwenye uso wa kutisha, wakipaza sauti. Umma ukaitikia, ukashuka kutoka viti vyake, ukatoka nje ya mji kumfuata kaisari kwenye jumba alilokuwa akipumzika. Askari wakapigana nao, wao wakasonga. Commodus akaogopa, akaamuru Cleander auawe, na mwili wake ukaburutwa mitaani. Waliomwangusha mtu aliyeongoza dola hawakuwa maseneta. Walikuwa watu waliokuja kutazama farasi wakiwa na njaa.

Afrika inatupa ushahidi mwingine, tena wa kuonekana kwa macho. Huko Smirat, nchini Tunisia, ilipatikana sakafu ya mozaiki ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Sousse. Inaonyesha wawindaji wanne wa kikosi cha Telegenii wakiwaua chui wanne. Chui wana majina, na wawindaji pia: mmojawao, Spittara, anapigana akiwa juu ya mironjo. Katikati amesimama kijana mwenye sinia lenye mifuko minne ya fedha. Pembeni yameandikwa maneno ya mpiga mbiu akiomba wawindaji walipwe denari 500 kwa kila chui, na kelele za umati zikimwita Magerius, tajiri wa mji, zikimsifu kwamba huo ndio ukwasi na huo ndio uwezo. Kila mfuko una alama ya denari 1,000. Ameombwa 500, kelele zimempandisha hadi mara mbili. Kisha akalipa tena fundi amwekee kelele hizo sakafuni kwake, wageni wazisome.

Najua kuna atakayeuliza: na pwani yetu je? Kitabu cha safari za Bahari ya Shamu, kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta kwenye pwani ya Azania, na kinasema ulipeleka nje pembe za ndovu na za kifaru. Kwa hiyo bidhaa zetu zilifika kwenye soko la Roma. Wanyama hai hakiwataji, nami sitawaongeza.

Nirudi kwa maseneta. Baada ya Commodus kuuawa, Pertinax alitawala siku 87 tu. Walinzi wa ikulu wakamuua, wakaunadi ukaisari kama mali ya mnadani, na Didius Julianus akashinda kwa ahadi ya sesterti 25,000 kwa kila mlinzi. Hatimaye dola ilishikwa na Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mwaka 197 Severus alisimama mbele ya Seneti na kumtetea Commodus, yuleyule waliyemlaani. Aliwauliza maseneta: je, miongoni mwenu hakuna anayepigana kama gladieta? Kama hakuna, kwa nini baadhi yenu mlinunua ngao zake na kofia zake za dhahabu zilipouzwa? Commodus akafanywa mungu.

Anayetusimulia hotuba hiyo ni Dio, na haipendi hata kidogo. Namheshimu Dio, maana bila yeye tungejua machache mno. Lakini aliandika kama mtu wa tabaka lake, kwa hasira ya watu waliotishwa na kudhalilishwa. Tena sehemu yake inayomhusu Commodus imetufikia zaidi kupitia muhtasari wa mtawa wa Konstantinopoli wa karne ya 11. Miaka 1,800 baadaye Hollywood ilichukua manung'uniko hayo, ikayavisha deraya, ikayaita uhuru wa watu. Hilo ndilo kosa la Gladiator, na ni kubwa kuliko kofia zote.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi wa historia na wa Kiswahili waliomo ukumbini. Kurasa za Dio kuhusu Commodus ni chache, mtu anazimaliza kwa jioni moja. Zichukueni, mzitafsiri kwa Kiswahili cha kusomeka, mzichape kwa bei ya mwanafunzi, pamoja na picha ya ile mozaiki ya Smirat na maandishi yake. Wabishi wa filamu hii wapo tayari, na wanauliza maswali mazuri. Wapeni cha kusoma.