Dawa za Nyumbani za Funza wa Miguuni

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kanyangi



Kazi yangu ni kuandika maneno ya wengine, lakini leo nimeomba kusema yangu, kwa ajili ya barua moja iliyopita mikononi mwangu mwaka huu. Mwanachama mmoja aliomba chama kimnunulie dawa ya josho, apate kuwaosha wajukuu wake miguu iliyojaa funza. Niliitia barua ile katika faili, wala sikusema neno. Hilo ni kosa langu. Dawa ya josho ni sumu ya kuua kupe. Ikipita katika vidonda huingia mwilini, na mtoto aweza kufa nayo. Namshukuru Mungu kwamba jibu la barua ile lilichelewa.

Wazee, funza si urithi wa mababu zetu. Alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa Angola katika merikebu iliyotoka Brazil, akavuka bara pamoja na misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani yetu. Basi asiseme mtu kwamba nyumba yenye funza imelaaniwa. Mdudu huyu ana asili yake na njia zake, na mwenye kuzijua njia zake aweza kumshinda.

Ni kiroboto mdogo sana, hata hafiki ukubwa wa punje ya mtama. Jike huingia katika ngozi, hasa kando ya kucha na katika unyayo, akaacha nje mkia tu wa kupumulia na kutolea mayai. Kwa siku chache huvimba hata akawa kama njegere. Mayai huanguka vumbini, na humo makinda hukua kwa muda wa majuma matatu au manne. Kwa hiyo mtu atibuye mguu akaacha vumbi la sakafu amefanya nusu ya kazi.

Sasa nitazame dawa zetu za nyumbani, moja moja.

Ya kwanza ni mwiba au sindano. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo: jioni mama aliketi mlangoni, na sindano moja ikapita katika miguu yetu sote. Hakujua, wala simlaumu. Leo twajua kwamba sindano ya namna hiyo huweza kuleta pepopunda, na ikitumiwa na watu wengi huweza kupitisha virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa ini. Tena funza akipasuka ndani, kidonda huoza.

Ya pili ni mafuta ya taa. Haya huunguza ngozi, na palipo moto ni hatari kubwa.

Ya tatu ni mwarobaini. Hapa wazee wetu hawakukosa sana. Mafuta ya mbegu zake, yakichanganywa na mafuta ya nazi, yamejaribiwa na wataalamu katika pwani ya Kenya, nayo yalisaidia kupunguza uvimbe na maumivu.

Zahanati zimezoea kuosha miguu kwa maji ya zambarau ya pamanganeti. Lakini utafiti uliofanywa hapa Kenya na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mafuta yaitwayo dimetikoni, yakipakwa mahali palipoingia funza, huziba njia yake ya kupumulia. Katika siku saba funza 78 katika kila 100 walikufa. Kwa pamanganeti walikufa 39 tu. Hapana sindano, hapana damu.

Lakini dawa iliyo kubwa ni kinga, nayo haina bei kubwa. Miguu ioshwe kwa sabuni na kutazamwa kila jioni. Sakafu ya vumbi inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, na mwenye uwezo aisiribe kwa saruji. Mbwa, mbuzi na nguruwe wasilale walalapo watoto, maana nao huchukua funza. Viatu vivaliwe, hata kama ni akala.

Jambo la mwisho ni aibu. Wako watoto wanaoacha shule kwa sababu wenzao huwacheka wanavyotembea kwa visigino. Wako wazee wasiokuja mkutanoni kwa sababu hiyo hiyo. Wahenga walisema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Lakini mara nyingi anayeficha ni yule aliyechekwa kwanza. Tukiacha kucheka, wataacha kuficha.

Kwa hiyo naleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. Kwanza, chama kisinunue dawa ya josho kwa matumizi ya mwili wa mtu, kamwe. Pili, sehemu ya fedha za misaada inunue saruji kwa nyumba za wajane na wazee wasiojiweza, tukianza na nyumba ya yule aliyeandika barua. Tatu, Halmashauri imwombe mganga wa zahanati aje atufundishe, na wenye vidonda vibaya wapelekwe kwake mapema wakadungwe sindano ya pepopunda.

Barua ile ingali katika faili. Naomba leo mniruhusu kuijibu.