Mtoto Kusomeshwa Nyumbani: Faida Zake na Hasara Zake

Hotuba kwa wazazi Waislamu wa Gisenyi

Bismillahi Rahmani Rahim.



Neno la kuwasomesha watoto nyumbani limerudi vinywani mwa watu. Wako wazazi ambao, kwa kuchoshwa na tabia wanazoziona njiani na darasani, huona heri mtoto abaki nyumbani, afundishwe na baba yake na mama yake au na mwalimu wa kuajiriwa. Katika nchi za Marekani na Uingereza wako wengi wafanyao hivyo, na sheria za huko zawaruhusu. Lakini kwa Waislamu wa Rwanda jambo hili si geni. Wazee wao walilijaribu kwa miaka mingi, na matunda yake, matamu na machungu, yangali yakionekana. Basi yafaa lipimwe kwanza kwa mizani ya yale yaliyotokea hapa nyumbani.

Uislamu uliingia Rwanda mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na wafanya biashara wa pwani, na askari, makarani na wakalimani waliofuatana na Wajerumani. Miongoni mwa watu hao walikuwamo wenye kujua kalamu. Katika dola ile, makarani wengi wa Kiislamu walitoka katika shule za serikali za pwani, kama ile ya Tanga iliyofunguliwa katika miaka ya 1890. Shule hizo hazikumtaka mtoto aiache dini ya wazazi wake, na kwa ajili hiyo wazazi Waislamu walikubali kuwapeleka watoto wao.

Huku Rwanda mambo yalikwenda njia nyingine. Mapadri Weupe walijenga misioni ya Save mwaka 1900, na mwaka 1901 wakajenga Nyundo, karibu na Gisenyi. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, kazi ya shule iliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misioni. Mzazi Mwislamu akajikuta katika njia panda. Akimpeleka mtoto, yamkini atatakiwa abatizwe. Asipompeleka, mtoto hatajua Kifaransa wala hesabu za ofisini. Baadhi ya wazazi walikubali watoto wao waandikwe kwa majina ya Kikristo, na mtoto akawa na majina mawili, moja la darasani na moja la kuitwa na mama yake. Wengi walikataa. Wakawaweka watoto nyumbani, asubuhi wakawafunza kazi ya duka, ushoni au udereva, na jioni wakawapeleka kwa mwalimu wa Qur'ani, barazani kwake.

Wazee hao hawastahili kulaumiwa, kwani walihifadhi kilichokuwa kikubwa kwao kuliko vyote. Faida ya uamuzi wao ni dhahiri. Dini ilibaki katika nchi ambayo hata leo Waislamu ni kama watu wawili tu katika kila mia. Lugha ya Kiswahili ilibaki majumbani mwao, ikawa njia ya biashara kati ya Gisenyi na Goma, na mwaka 2017 ikakubaliwa na Bunge kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Watoto walijifunza heshima kwa mkubwa, usafi, na kazi ya mkono. Tena walifundishwa na watu waliowajua kwa majina, waliojua ni nani mwepesi wa kufahamu na ni nani ataka kurudiwa mara tatu. Mtoto mzito hakuachwa nyuma, kwa kuwa hapakuwa na watoto sitini wa kumpita.

Lakini hasara nayo ilikuwa nzito, na yafaa isemwe bila ya kufichwa. Nyumba yaweza kumfundisha mtoto, lakini haiwezi kumpa cheti. Kijana aliyehifadhi juzuu nyingi za Qur'ani na kujua bei ya kila kitu sokoni, ilipomjia barua ya serikali kwa Kifaransa ilimbidi atafute mtu wa kumsomea, naye hakuwa na njia ya kujua kama amesomewa yote yaliyoandikwa. Zilipotafutwa nafasi za karani, mwuguzi, mwalimu au hakimu, watoto hao hawakuwamo. Uhuru ulipofika mwaka 1962, Waislamu wa Rwanda walikuwa na maduka na misikiti, lakini waliosoma miongoni mwao walikuwa wachache mno. Mlango uliofungwa kwa ajili ya kuilinda dini ulifungia nje elimu ya kizazi kizima.

Mashaka haya yalizifika jamii nyingine pia. Huko Mombasa, katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliandika katika gazeti lake, Al-Islah, akiwahimiza Waislamu watafute elimu ya kisasa pasi na kuiacha dini yao wala lugha yao. Aliona kwamba mtu aweza kuzishika zote mbili, na kwamba mwenye kushika moja tu atatawaliwa na mwenye kushika nyingine.

Basi swali la leo ni hili: je, sababu iliyowafanya wazee wawaweke watoto nyumbani ingalipo? Chama cha Waislamu wa Rwanda kilianzishwa mwaka 1964, na baadaye zikajengwa shule za Kiislamu zifundishazo masomo yote ya serikali. Katiba ya mwaka 2003 iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na ya bure katika shule za umma. Mwaka 2009 elimu ya bure ilifikishwa miaka tisa, na mwaka 2012 miaka kumi na miwili. Mtoto aitwaye Hamisi huandikwa Hamisi. Ile sababu kubwa imekwisha ondoka.

Huenda mtu akasema kwamba zimebaki sababu nyingine, nazo ni kweli. Yuko mtoto mgonjwa au mlemavu ambaye njia ya shule yamshinda. Huyo kusomeshwa nyumbani ni rehema kwake. Yako madarasa yaliyojaa mno, na ziko tabia mbaya zipatikanazo kwa wenzi. Hata hivyo, mwaka 2020 ulifundisha jambo. Shule za Rwanda zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya maradhi ya korona, zikaanza kufunguliwa hatua kwa hatua mwezi wa Novemba, na masomo yakatolewa kwa redio na televisheni. Kila nyumba ikawa shule. Nyumba yenye mzazi aliyesoma na mwenye nafasi ilisonga mbele. Nyumba ambayo mama yake hutoka alfajiri kutafuta riziki sokoni au mpakani ilibaki na redio peke yake, na redio haimwulizi mtoto kama amefahamu.

Tena liko jambo lililo zito kuliko hayo. Mara nyingi yule asemwaye kuwa "asoma nyumbani" ni binti, naye hasomi kitu. Ateka maji, abeba mdogo wake mgongoni, apika, na daftari lake li juu ya kabati. Kumwita binti huyo mwanafunzi ni kumdhulumu mara mbili: kunyimwa elimu, na kunyimwa hata haki ya kulalamika kwamba amenyimwa. Kijana wa kiume naye hupelekwa mpakani kubeba mizigo ya watu, kisha yasemwa kwamba ajifunza biashara. Mzazi atakaye kweli kusomesha nyumbani na ajiulize mambo matatu: ni nani atakayefundisha, kwa saa ngapi kila siku, na mtoto ataufanyia wapi mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi. Asiyekuwa na jibu la yote matatu asimtoe mtoto shuleni.

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Neno hilo halikumwondolea mtoto ulimwengu. Lilimtaka mama atangulie. Nyumbani na patangulie kwa dini, adabu na lugha, alfajiri na baada ya magharibi, na shule ichukue mchana wake. Chama nacho kipange saa za madrasa zisigongane na saa za shule, na kila mtaa uwe na wazee wa kuuliza, pasipo kuona haya, binti wa fulani yuko darasa la ngapi. Wazee wa zamani walitoa elimu ya watoto wao ili kuiokoa dini. Wajukuu wao hawadaiwi tena bei hiyo, na itakuwa msiba waendelee kuilipa kwa mazoea tu.

Mwenyezi Mungu awape wazazi hekima, na watoto elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi taufiki.