Barua Haijaandikwa

Ndugu wasikilizaji, tangazo la ufadhili wa masomo ya uzamili na uzamivu mmelisikia wiki hii. Orodha ya fani za kipaumbele mmeisikia, na mmesikia pia zisizokuwamo. Historia haimo. Fasihi haimo. Falsafa haimo. Kiswahili, lugha ambayo orodha yenyewe ilisomwa kwayo, hakimo.

Jioni hii hatugombani na orodha. Nchi inahitaji wahandisi na madaktari, na Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa vijana waliong'ara katika sayansi kidato cha sita, hatuna kinyongo nao. Kinachotuuma ni jambo jingine, dogo kwa kulitazama, lisilohitaji bajeti wala kikao cha Bunge. Ni barua. Barua ya ukurasa mmoja au miwili ambayo mhadhiri ameombwa aiandike, naye haandiki.

Kijana wa insia, yaani fani kama hizo, asiyepata ufadhili nyumbani hubisha hodi kwingine, na milango ipo. Marekani, mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja bila kupitia uzamili, na idara nyingi zikikupokea hukulipia ada na kukupa posho ya kujikimu kwa miaka kadhaa. Ada ya maombi inatisha, lakini vyuo vingi vina utaratibu wa kumsamehe asiyejiweza akiandika mapema kuomba. Mtihani wa GRE, uliokuwa ukiwanyima watu usingizi, idara nyingi za insia zimeuacha. Kinachotakiwa ni maandishi: maelezo ya nia, kazi yako moja ya kitaaluma, hati ya matokeo, na barua za wadhamini. Kwa kawaida ni barua tatu, kutoka kwa watu watatu waliokufundisha na wanaokujua.

Hapo kwenye barua ndipo watoto wetu wanapoangukia.

Kiungo cha kuwasilishia barua kinatumwa kwenye barua pepe ya mhadhiri. Barua pepe haifunguliwi. Mwanafunzi anapiga simu, anaambiwa mwalimu yuko semina Morogoro. Anapanda daladala mbili hadi chuoni, anakaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi, mlango haufunguliwi. Anatuma ujumbe wa kumkumbusha, kwa adabu zote, "Shikamoo Mwalimu, samahani kwa usumbufu." Anaomba samahani kwa kudai haki yake! Vyuo vingi vya huko hufunga maombi kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Usiku wa manane wa New York kwetu ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo hata siku ya mwisho ina usiku mzima wa ziada. Usiku huo nao unapita. Barua haijaandikwa.

Mimi ninayewasomea maoni haya niliwahi kukaa kwenye benchi la namna hiyo. Barua mbili zilikwenda. Ya tatu niliahidiwa Jumatatu, nikaahidiwa Alhamisi, kisha mwalimu wangu akaniambia, "Andika mwenyewe, uniletee nisaini." Nikaiandika. Nilijisifu kama anavyojisifu mtu asiyejua asifiwe kwa lipi: mchapakazi, mwenye nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake. Hakuna aliyenichukua. Miaka ilipita kabla sijafahamu kwamba msomaji wa barua hizo anatafuta kitu ambacho mwanafunzi hawezi kujiandikia. Anatafuta mwalimu aseme: kijana huyu aliuliza swali hili darasani, akaandika insha hii, akapingana nami kwa hoja hii, na kati ya wote niliowafundisha namweka hapa. Mambo hayo anayajua mwalimu peke yake.

Wasikilizaji, hili si suala la safari za ndege. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alisoma historia, uchumi wa siasa, falsafa ya maadili. Alirudi mwaka 1952, na mtu aliyeongoza madai ya uhuru ndiye huyo huyo aliyemtafsiri Shakespeare, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamili hapa Dar es Salaam juu ya Shaaban Robert, kisha akapata uzamivu wake Wisconsin mwaka 1985. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyokusanywa na mmisionari William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, hati zake ziko London, katika maktaba ya SOAS. Nani atakwenda kuzisoma? Atakwenda aliyepata barua tatu. Tusipowaandikia watoto wetu, wataandikiwa wa wenzetu, nasi tutaendelea kusimuliwa Muyaka na watu waliojifunza Kiswahili ukubwani.

Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Tunavaa fulana, tunakariri kwamba UNESCO iliitangaza siku hiyo mwaka 2021. Ni fahari, na ni halali yetu. Lakini Julai ikipita inakuja Oktoba, msimu wa maombi, na barua haijaandikwa.

Na milango inazidi kuwa myembamba. Novemba 2024, Boston University ilisitisha kupokea wanafunzi wapya wa uzamivu katika fani kadhaa za insia na sayansi za jamii kwa mwaka uliofuata. Agosti 2025, Chuo Kikuu cha Chicago nacho kikatangaza kwamba idara zake kadhaa za insia hazitapokea wanafunzi wa uzamivu kwa mwaka 2026/27. Palipokuwa na nafasi kumi sasa pengine ni nne. Katika mbio za namna hiyo, kijana wetu anaenguliwa kabla hata kazi yake haijasomwa, kwa sababu jalada lake lina barua mbili badala ya tatu.

Tunajua wahadhiri wana mzigo. Wana madarasa ya mamia, wana mitihani ya kusahihisha hadi macho yanauma, na barua hizi hazihesabiwi popote wakati wa kupandishwa cheo. Basi zihesabiwe! Wakuu wa idara, wekeni daftari la barua: nani ameombwa, lini, na barua inatakiwa lini. Ofisi za mitihani, hati ya matokeo isichukue miezi, na mwanafunzi aliyetoka Kigoma asiambiwe arudi kesho.

Nanyi vijana, msiombe barua siku tatu kabla ya mwisho. Ombeni miezi miwili kabla. Mpelekeeni mwalimu insha mliyomwandikia, maelezo yenu ya nia, wasifu wenu na tarehe za kila chuo katika karatasi moja. Mkumbusheni wiki mbili kabla, mkumbusheni tena wiki moja kabla. Msione haya. Hamuombi sadaka.

Wahadhiri wetu, ninyi pia mliandikiwa. Kila mmoja wenu mwenye shahada ya uzamivu ukutani, kuna mtu aliyekaa usiku akaandika jina lake na kulitetea mbele ya watu wasiomjua. Fungueni barua pepe zenu usiku huu. Kuna kiungo kimelala humo tangu mwezi uliopita, na kuna kijana anayengoja. Kama hamwezi, mwambieni leo hamwezi, atafute mwingine muda ungalipo. Kama mnaweza, andikeni. Andikeni usiku huu huu.