Kumwambia Aliye Juu

Hotuba ya Kamati ya Jamii, siku ya kumbukumbu ya kambi



Vijana wa darasa la biashara la jioni walituomba tuseme leo habari za mtu aliyesomea biashara hadi kuwa profesa. Tumemchagua Michael Useem wa Marekani, aliyefundisha uongozi katika chuo cha biashara cha Wharton, mjini Philadelphia.

Vijana, mtu huyu hakuanzia kwenye biashara. Udaktari wake, alioupata Harvard mwaka 1970, ni wa sosholojia, yaani elimu ya jamii. Kitabu chake cha 1973 kilihusu vijana wa Marekani waliokataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Mwaka 1984 akatoa kingine juu ya wakuu wa makampuni ya Marekani na Uingereza, jinsi wanavyojuana na kusukuma siasa. Kwanza aliwachunguza wanaoamriwa, kisha wanaoamuru. Sisi tunaona hiyo ndiyo faida ya kuzunguka njiani, ingawa wazazi wengi humu hupenda mtoto aende moja kwa moja.

Mapenzi yake mengine ni milima. Kwa miaka mingi aliwapeleka wanafunzi wake Nepal, chini ya mlima Everest, wakitembea siku nyingi na kupita mita 5,000 kutoka usawa wa bahari, huku wakijadili uongozi. Akina mama wamekwisha kucheka: mtu anatembea milimani siku zote hizo kwa kujifurahisha! Sisi tuliotembea kutoka Fizi na Uvira hadi ziwani mwaka 1996 hatukuwa na furaha hiyo. Lakini tunafahamu anachokitafuta. Mtu akichoka, akisikia baridi na njaa, tabia yake halisi hutoka nje, na kiongozi wake pia huonekana alivyo.

Mwaka 2001 Useem alitoa kitabu kiitwacho Leading Up, yaani kumwongoza aliye juu yako. Humo mna kisa cha Everest cha Mei 1996. Wateja walikuwa wamelipa fedha nyingi wapandishwe na viongozi mashuhuri. Ilieleweka kwamba ikifika saa nane mchana, asiyefika kileleni ageuke. Saa nane ikapita, na wengine waliendelea kupanda hadi karibu saa kumi. Waliokuwa chini ya viongozi wale waliona saa, wakanyamaza, kwani kiongozi mmoja alikwisha waambia kwamba huko juu hataki ubishi. Dhoruba ikawakuta njiani. Watu 8 walikufa mlimani, na viongozi wakuu wawili wa misafara wakiwa miongoni mwao.

Kisa kingine katika kitabu hicho ni cha hapa jirani. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada aliongoza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Tarehe 11 Januari 1994 alituma habari New York kwamba silaha zimefichwa Kigali na Watutsi wanaandikwa majina, akaeleza kuwa anakusudia kuzikamata silaha hizo. Alikatazwa. Aprili mauaji ya kimbari yakaanza, na tarehe 21 mwezi huo Baraza la Usalama likaamua kupunguza askari wake hadi 270. Yeye alibaki na wachache, akaendelea kuomba msaada.

Ndugu zetu, tazameni tofauti. Mlimani walio chini walinyamaza. Kigali aliye chini alisema, wa juu hawakusikia. Hapa kambini tuna magonjwa yote mawili. Mama anaona mizani ya mgao haiko sawa, lakini anaogopa kuambiwa kadi yake ina kasoro. Kiongozi wa kijiji akiripoti bomba lisilotoa maji siku ya tatu, kuna ofisi humjibu kuwa anachochea watu. Mara ya pili haendi, na maofisa wanaandika kwamba hakuna malalamiko.

Kwa hiyo kamati imeamua jambo moja. Kila Jumatatu, wajumbe watatu, na lazima wawili wawe wanawake, watapita vijijini kupokea taarifa na kuziandika daftarini bila jina la msemaji. Ijumaa daftari litasomwa mbele ya Mkuu wa Makazi na mashirika. Ndugu wa mashirika, tunaomba majibu yenu yaandikwe katika daftari hilo hilo, pamoja na tarehe, hata jibu likiwa ni hapana.

Daftari la kwanza liko mezani hapo mbele. Kurasa zake tatu zimekwisha jaa.