Mkeka wa Karatasi, Somo la Shufwa na Witiri

Wasikilizaji wa Mloka, Rufiji na Kibiti wanajulishwa kwamba mtoto anaweza kujifunza hesabu nyumbani kwa kusuka mkeka mdogo wa karatasi, kwa kupishanisha vipande kama wasukaji wanavyopishanisha ukindu.

Mzazi achukue karatasi ya daftari lililokwisha, aikunje katikati, kisha aikate mistari kuanzia kwenye mkunjo na kuishia upana wa kidole kabla ya ukingo, ili isiachane inapokunjuliwa. Karatasi ya pili ikatwe vipande vyembamba, na mkasi ushikwe na mtu mzima.

Vipande hivyo vipitishwe kimoja kimoja katika mikato ya karatasi ya kwanza, kwa kupishana juu na chini: cha kwanza kianze juu, cha pili chini, cha tatu juu tena. Hivyo vipande vya namba witiri, yaani zinazobakiza moja zikigawanywa kwa mbili, kama 1, 3 na 5, huanza juu. Vya namba shufwa, yaani zinazogawanyika kwa mbili bila baki, kama 2, 4 na 6, huanza chini.

Kabla ya kusuka kipande cha saba, mtoto aulizwe kitaanza wapi, naye aeleze sababu. La kukumbuka ni moja: witiri juu, shufwa chini.