KUFUNGA JIKO LA UMEME KATIKA NYUMBA YA ZAMANI

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Ukerewe)



Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni shabaha njema, hasa visiwani ambako miti ni michache na watu ni wengi. Hata hivyo, jiko la umeme lenye oveni linapovushwa kutoka Mwanza hadi Nansio, mara nyingi huingizwa katika nyumba ambayo nyaya zake zilitandazwa zamani kwa ajili ya taa chache, redio na pasi. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Oveni ya wati 3,000, katika umeme wa volti 230, huvuta ampea 13. Hiyo ni sawa na kuwasha taa 300 za wati 10 kwa wakati mmoja. Jiko kubwa lenye oveni na sahani nne, likiwashwa lote, laweza kupita wati 7,000, yaani zaidi ya ampea 30. Aidha, mkondo ukiongezeka mara mbili katika waya uleule, joto la waya huo huongezeka mara nne. Waya ulioubeba mzigo wa pasi kwa nusu saa bila tatizo waweza kuyeyuka chini ya oveni inayooka mikate tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi.

Kwa kawaida taa hufungiwa waya wa milimita za mraba 1.5, na soketi 2.5. Jiko kubwa huhitaji njia yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, kwa waya wa shaba wa milimita 6 unaolindwa na kikata umeme cha ampea 32. Ikiwa jikoni ni mbali, au waya umepita mahali penye joto, fundi hukokotoa na pengine kuchagua waya wa milimita 10. Swichi ya jiko huwekwa ukutani, mahali panapofikika bila kunyoosha mkono juu ya sufuria. Jiko hilo lisichomekwe kwenye ekstensheni, wala kuunganishwa na njia ya taa.

Yapo makosa mawili yanayojirudia katika nyumba za zamani. La kwanza ni kuongeza nguvu ya fyuzi au kikata umeme pale kinapozimika mara kwa mara, au kutia kipande cha waya mnene badala ya fyuzi. Ieleweke kwamba fyuzi haikuwekwa kuilinda oveni. Imewekwa kuulinda waya uliomo ukutani. Fyuzi ikiwa kubwa kuliko waya, kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, tena ndani ya dari. La pili ni kuchanganya rangi. Katika nyaya za zamani waya mwekundu ndio wa moto, mweusi ni wa kurudisha na wa kijani ni wa ardhi. Katika nyaya za sasa waya wa moto ni wa kahawia, wa kurudisha ni wa buluu, na wa ardhi ni wa kijani na njano. Pale nyaya hizo zinapokutana, rangi haitoshi kuwa ushahidi. Lazima fundi apime.

Jambo la ardhi lahitaji uangalifu wa pekee katika kanda hii. Mwili wa oveni ni bati, na mpishi mara nyingi ana mikono yenye maji na miguu isiyo na viatu. Waya wa ardhi ukikosekana, hitilafu ndogo ndani ya oveni huligeuza bati hilo kuwa waya wa moto. Ukerewe, kama Mwanza, ina miamba mingi, na fimbo ya shaba iliyokwama juu ya jabali haina kazi. Fundi atafute udongo wenye unyevu, aunganishe fimbo zaidi ya moja inapobidi, na kupima tena wakati wa kiangazi ardhi inapokauka. Pamoja na hayo, nyumba iwekewe kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aonyeshe leseni hiyo kabla ya kuanza. Kabla ya jiko kununuliwa, akague nyaya, kisanduku na waya unaoingia nyumbani. Mzigo ukizidi uwezo wa njia hiyo, TANESCO wajulishwe. Lakiri ya mita ya LUKU haivunjwi na mtu mwingine. Mtumishi anayeishi katika nyumba ya Serikali apate kwanza kibali cha maandishi cha mwenye nyumba. Wakazi wa visiwa vinavyotumia umeme wa jua wa mitambo midogo wamwulize kwanza mwendesha mtambo kama mzigo huo unakubalika.

Ikitokea harufu ya plastiki inayoungua, soketi kupata joto au mtu kuhisi mtetemo anapogusa jiko, swichi kuu izimwe mara moja. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla umeme haujazimwa. Moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Gharama ya kutandaza njia mpya huonekana kubwa siku ya malipo. Lakini anayeoka mikate ya kuuza hupoteza zaidi dari ikiungua, na hakuna bei ya mtoto aliyegusa mlango wa oveni isiyo na waya wa ardhi. Wananchi wote wanaombwa kuyazingatia haya kabla ya kuwasha.