Mkoba wa Sufu na Heshima ya Chama



Tunapoadhimisha miaka 10 ya Chama chetu, twaomba idhini tuuzungumzie mkoba wa sufu. Sisi wa nyanda za juu za Kenya twafuga kondoo wa Corriedale. Auzaye sufu mbichi hulipwa uzani tu. Afumaye mkoba hulipwa na kazi ya mikono yake.

Mkoba hufumwa kwanza ukiwa mkubwa kupita kiasi, maana ukisuguliwa katika maji ya moto na sabuni hupungua yapata theluthi moja, na urefu hupungua kuliko upana. Kila unywele wa sufu una magamba madogo. Yakishikana hayaachani tena, na kitambaa hakifumuki hata kikikatwa kwa mkasi.

Lakini uzi uliotiwa nailoni nyingi haushikamani vema. Mmoja wetu akiutumia ili apunguze gharama, mnunuzi hataukataa mkoba wake peke yake, bali mikoba yetu sote. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi na tuutunze uzi wetu, nasi tutatunzwa nao.